Pori Huchaguliwa na Anayebaki

Baba yangu alikuwa msasi, mwindaji wa nyavu na mbwa, na hakuwahi hata siku moja kuchagua mwenyewe pori la kwenda. Kwetu, kusini mwa Unguja, msasi akishakusanya nyavu zake na kuwafunga mbwa kamba, husimama mlangoni akamwuliza yule anayebaki nyumbani: "Niende wapi?" Mama huwa ukumbini akichambua mchele, kama siku hiyo mchele upo, maana ilikuwa miaka ile ya baada ya Mapinduzi na chakula kilikuwa cha foleni. Hakujua njia za paa wala mashimo ya nguruwe. Huinua kichwa, akafikiri kidogo, akasema, "Nenda upande wa mashamba ya zamani." Na Baba huenda huko huko, hata kama jana yake ameona kwa macho yake nyayo mbichi upande wa pili.

Mimi niliona ni ujinga. Nilikuwa mtoto mwenye mdomo, nikamwuliza Baba vipi mtu mzima anayejua pori lote anakwenda kumwuliza mtu asiyewahi kulikanyaga. Hakunikaripia. Alikuwa akitengua fundo la wavu, na alinijibu bila kuniangalia.

"Anayekwenda ana tamaa. Anayebaki ana hofu. Pori bora lichaguliwe na hofu."

Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba jambo lenyewe halikuwa la uchawi. Msasi asiporudi, lazima nyumbani awepo mtu anayejua wapi pa kumtafuta. Kulikuwa na mtu wa kijiji cha jirani aliyeambiwa aende huku, akaona nyayo, akaenda kule. Watu walimtafuta alikotumwa, na yeye alikuwa kwingine na mguu uliovunjika. Walimpata, lakini si akiwa hai. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kubadili pori alilochaguliwa.

Palikuwa na masharti mengine mawili. La kwanza, anayebaki hafagii nyumba mpaka msasi arudi, kwa sababu kufagia ni kufuta nyayo zake. La pili ni la msasi mwenyewe: akirudi haonji hata tone la maji mpaka amweleze yule aliyemchagulia kila alichokiona, kikubwa na kidogo. Akimaliza, yule ndiye humpa maji kwa mkono wake. Nimemwona Baba mara nyingi amekaa kizingitini, midomo imekauka, akimsimulia Mama habari za kanga waliomponyoka, na Mama ameshika kata ya maji anasikiliza.

Nayaeleza haya ili mtu asinione nimeharibikiwa akili nikisema kwamba mwaka juzi, mimi mstaafu wa mabohari ya mizigo pale uwanja wa ndege, nilikwama miezi mizima kwangu Hayes, pembezoni mwa London, nikishindwa kuamua wapi niende kuwinda kulungu wa Kimarekani. Sikukwama kwa kukosa pesa wala bunduki. Nilikosa mtu wa kumwuliza.

Aliyeniingiza katika jambo hili ni Kalasinga mmoja, mzaliwa wa Nakuru, mwenye duka la misumari na rangi karibu na kituo cha treni. Zamani nilikuwa dukani kwake nikizungumza kwenye simu, akanisikia, akapaza sauti kutoka nyuma ya rafu: "We bwana, Kiswahili ya Unguja hiyo, unaringa nayo!" Ndiyo ikawa mwanzo wa urafiki. Ujanani aliwinda Kenya kabla serikali haijapiga marufuku, na London aliendelea na kiu yake katika klabu ya kulenga shabaha. Akanivuta na mimi. Jumamosi nyingi tulikwenda mashambani nje ya jiji kupiga sungura, na wenye mashamba walitushukuru maana walikuwa wakiliwa kabichi zao.

Mashamba yalikuwa mawili, moja la karibu na moja la mbali. Kila Jumamosi nilisimama mlangoni nikamwuliza mke wangu, Mungu amrehemu, "Niende wapi?" Yeye alikuwa mtu wa mjini, na alinicheka. "Nyinyi watu wa shamba mna mambo!" Lakini alijibu, na kila mara alichagua la karibu, ambako sungura walikuwa wachache na wajanja. Nikamwambia kuhusu kufagia, akajishika kiuno. "Nyumba yangu niiache chafu kwa ajili ya sungura? Thubutu!" Sikubishana naye. Nikirudi nilimsimulia, akinisikiliza huku akikaanga vitu vyake, kisha hunipa maji. Hayo nilikuwa nayo kwa miaka mingi, na sikujua kwamba nilikuwa tajiri.

Alifariki kwa maradhi ya moyo, upesi sana. Baada ya hapo niliacha sungura. Nyumba yetu iko chini ya njia ya ndege, na zamani tulikuwa tukinyamaza wote wawili ndege ikipita, kisha tunaendelea na maneno pale pale tulipoishia. Sasa ndege hupita nami sina maneno ya kuendelea nayo. Ni upweke, sina jina jingine la kuupa.

Kalasinga aliona nilivyo, na siku moja akanionyesha kwenye simu yake video ya kulungu wa magharibi ya Marekani. Wenyewe wanamwita kwa jina la nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, kwa sababu ya masikio yake makubwa. Akishtuka hakimbii kama wanyama wengine. Huruka kwa miguu yote minne pamoja, anadunda akipanda mlima, na akifika juu kabisa, kabla hajatoweka upande wa pili, husimama akageuka kutazama nyuma. Nilimwambia Kalasinga airudishe. Akairudisha mara nyingi mpaka mteja mmoja akaanza kukohoa kwa hasira. Paa wa kwetu hageuki, ndiyo maana ni vigumu kumpata. Nikawaza mnyama anayejua kwamba anafukuzwa, na bado anataka kuona alikotoka. Niliingiwa na hamu ambayo sikuwa nayo tangu mke wangu afe.

"Mdogo wangu anakaa huko Idaho," Kalasinga akasema. "Bunduki iko, gari iko. Yeye magoti yamekwisha, na mimi hii moyo yangu daktari amenikataza. Utaenda peke yako, bila guide, lakini kila kitu atakupangia. Wewe chagua pahali tu."

Chagua pahali tu! Nikanunua ramani, nikazitandaza juu ya meza ya chakula, maana meza yenyewe haikuwa na kazi nyingine. Nikaanza kusoma. Nchi ile imegawanywa vipande vipande vya rangi: hapa ardhi ya serikali, mtu yeyote mwenye kibali anaweza kuwinda, hapa ya mwenyewe, ukikanyaga una kesi. Kuna mahali kibali hutolewa kwa bahati nasibu, unaweza kuomba mpaka ukazeeka. Kuna mahali unanunua dukani. Wajuzi wa mambo hayo hukushauri kwanza ujiulize unataka nini: pembe, nyama, au kutembea. Kisha utazame maji yako wapi, kulungu wanashuka lini kutoka juu theluji ikianza, na kama pumzi zako zinatosha kwa urefu ule. Ni mashauri mazuri. Hakuna hata mmoja aliyeandika nani amwulize nani mlangoni.

Mwishowe yalibaki maeneo matatu. La kwanza lilikuwa milima mirefu katikati ya jimbo, ambako madume makubwa hukaa juu karibu na mawe, na kutoka mwisho wa barabara unatembea siku nzima na simu haina habari. La pili lilikuwa jangwa la upande wa kusini, kukavu, unamwona mnyama kutoka mbali sana lakini kumfikia ni shughuli. La tatu lilikuwa vilima vya chini kando ya barabara ya kokoto, karibu na mashamba ya watu, vimejaa vichaka vya kijivu vinavyonuka kama dawa ya kuchua. Huko simu inashika. Kila mtu anapita huko, na kulungu wenye akili wamekwishahama. Kalasinga aliliita pori la akina mama. Moyo wangu ulikuwa milimani tangu siku ya kwanza, nami nilijua vizuri kwamba ile ndiyo tamaa Baba aliyoisema.

Kalasinga akachoka. "Basi mimi nitakuchagulia! Enda mlima!"

Nikamwambia haiwezekani. Lazima awe mtu wa nyumba yangu. Wewe nikipotea utasikitika, nikamwambia, halafu utafungua duka. Alicheka, lakini alielewa.

Wa nyumba yangu alibaki mmoja, binti yangu. Anaishi Woolwich, upande wa pili wa London. Kutoka Hayes ni treni moja tu, hubadilishi, na siku hizi ni upesi, lakini tulikuwa hatuonani. Mama yake ndiye aliyekuwa akituunganisha. Alipoondoka tulibaki wawili tusiojua kuzungumza, yeye na Kiingereza chake na mimi na Kiswahili changu, kila mmoja anamwelewa mwenzake na bado hatuambiani kitu. Kila Jumapili alinipigia simu. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula.

Nikachukua ramani zangu nikaenda Woolwich. Nikapita sokoni nikamnunulia mihogo na ndizi mbichi, kama mtu anayekwenda posa. Alinikaribisha vizuri, akanipikia chai. Nikatandaza ramani mezani kwake, nikamwonyesha maeneo matatu, kisha nikasimama wima kabisa, na nikamwuliza: "Mwanangu, niende wapi?"

Akaitazama ramani, akanitazama mimi. "Dad, I don't know anything about deer."

"Sikuulizi habari za kulungu. Nakuuliza niende wapi."

"It's your holiday. Wherever makes you happy."

Alisema kwa upole, eti popote nitakapofurahia, na upole wake ndio ulionimaliza. Ningemweleza, angejibu ili kuniridhisha, na jibu la kuniridhisha halina hofu ndani yake. Nilikunja ramani, nikanywa chai, nikapanda treni. Njia nzima nilikuwa na hasira na watu waliokaa vizuri na simu zao.

Siku zile ndipo nilipomkumbuka Mama kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka kwa muda mrefu. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi, Baba amekwishafariki, ilinilazimu kuondoka kama vijana wengi walivyoondoka. Nilikuwa na njia tatu: Muscat kwa mjomba, Mombasa kwa binamu, au London kwa mtu aliyefanya kazi melini na Baba mdogo. Mimi nilitaka Muscat. Nikasimama mlangoni nikamwuliza, naye akainua kichwa kama alivyokuwa akifanya siku zote. "Nenda London," akasema. "Huko hakuna wa kukugongea mlango akakuchukua."

Alikuwa na sababu ya kuogopa mlango kugongwa, kama wengi wa wakati ule. Nami nikaenda London, na sikubadili pori. Kurudi kukazuiwa na wingi wa kazi, karatasi za ukaazi zilizochelewa, nauli, mtoto, na siku nilipopata habari kwamba Mama amefariki alikuwa amekwishazikwa. Sikupata kukaa kizingitini kwake nikamwambia nilichokiona. Hilo linaniuma mpaka leo na sitarajii kupona. Ama kuhusu mlango, alisema kweli. Hayes hakuna anayenigongea.

Basi nikaamua siendi. Mtu asiye na wa kubaki amepotea kabla hajaondoka. Nikamwambia Kalasinga, akanitukana kwa Kipunjabi. Jumapili binti yangu alipopiga simu, baada ya kuniuliza kama nimekula, nikamwambia na yeye.

"What do you mean you're not going?"

"Siendi. Sina wa kuniambia niende wapi."

Nilisikia kwake kelele za barabarani, basi likipiga breki.

"Is this the thing with Mum?" akauliza. "The two farms?"

Nikasema ndiyo, ndiyo hilo.

Akaanza kuniuliza kama polisi. Kwenye milima, gari linafika wapi? Nikianguka, nani atajua? Jangwani kuna maji? Nikamjibu ukweli, kwa sababu anayeulizwa na aliyebaki hasemi uongo. Akauliza wapi simu inashika. Nikamwambia ni vilima vya barabarani tu, lakini huko hakuna kulungu wa maana, huko ni kupoteza nauli.

"Then go there," akasema.

Nilikasirika, nakiri. Miezi yote ile nimeilala milima, nimeiamka milima, na sasa natumwa kwenye pori la akina mama! Nilifungua mdomo nimbembeleze. Kisha nikasikia anavyopumua kwenye simu, kwa haraka, na nikaijua pumzi ile. Mtoto wangu alikuwa ananiogopea. Sikujua kama kuna mtu duniani aliyebaki wa kuniogopea.

"Haya," nikasema. "Nitakwenda huko."

Nilikwenda wakati majani ya huko yamegeuka rangi. Mdogo wake Kalasinga alikuwa mtu mwema, alinipa gari lake na bunduki na chapati za kutosha jeshi. Asubuhi zote nilikaa kwenye vichaka vile vya kijivu, baridi ikinitafuna magoti, na nikaona sungura, na ndege, na malori ya nyasi yakipita barabarani. Nilikuwa na bismillahi yangu mdomoni tayari, kwa kuwa nyama bila hiyo kwangu si nyama, na kila jioni niliimeza tena. Sikuwahi kuwa peke yangu kiasi kile, hata Hayes. Lakini huu ulikuwa upweke wenye anwani. Kulikuwa na mtu anayejua niko kilima gani.

Siku ya mwisho akatokea. Dume, pembe zake pana kuliko mlango wangu, ng'ambo ya barabara, kwenye mteremko unaopanda kwenda milimani. Ardhi ile ilikuwa ya serikali, kibali changu kiliiruhusu, na kulikuwa na bonde dogo ambalo ningelifuata nimzunguke. Nilisimama kabisa. Nikatia mguu kwenye kokoto za barabara. Halafu nikaurudisha. Akanisikia, akaruka kwa miguu yote minne, akadunda mpaka juu, na pale juu akageuka akanitazama. Tulitazamana kwa muda, kisha akaenda zake.

Niliposhuka kwenye ndege London nilikuwa nimekunywa maji ya safarini, sikuona haja ya kujiua kwa mila. Lakini tangu mlango wa ndege ufunguliwe sikutia kitu kinywani. Nikapanda treni na begi langu. Ilisimama Hayes, milango ikafunguka, nikaona watu wa mtaani kwetu wakishuka na mifuko yao, na mimi nikabaki nimekaa mpaka Woolwich.

Binti yangu anapenda usafi kupita kiasi, amerithi kwa mama yake. Aliponifungulia mlango nikaona kizingitini pake majani makavu yaliyoingia na upepo, vumbi, risiti ya duka imekunjika pembeni, na unyayo wa kiatu wenye tope lililokauka. Ukumbi wote ulikuwa hivyo. Nikamwuliza kama anaumwa.

"No. I just didn't sweep." Akaona ninavyomtazama. "Mum never did, Dad. When you were out with the rabbits. She'd hide the broom, and then rush round when you'd gone to bed."

Kumbe miaka yote ile mke wangu alikuwa akificha ufagio mpaka nirudi. Nikakaa pale pale kizingitini, juu ya begi langu, na yeye akakaa sakafuni mbele yangu, katika vumbi lake. Nikamsimulia. Nikamwambia habari za baridi, na malori ya nyasi, na sungura wa huko walivyo wakubwa. Nikamwambia habari za dume. Alinisikiliza bila kugusa simu.

"Why didn't you go after him?"

"Hukunichagulia huko."

Alifuta uso kwa mkono wa sweta. Akaenda jikoni, nikasikia bomba likifunguliwa. Aliporudi alishika bilauri kwa mikono miwili, kama anayeogopa kumwaga.

"Kunywa maji, Baba," akasema.

Kiswahili chake kina lafudhi, lakini ni Kiswahili. Nikanywa yote. Nikamwomba bilauri ya pili, kwa ajili ya ile ambayo Mama hakupata kunipa, na akaniletea bila kuniuliza kwa nini.